Mbona Ndege Ndogo Hupatwa na Noma Ikitua?

Wasee wa Nax bado wanakumbuka Aprili 10, 2006. Siku hiyo mbunge wa Nakuru Mjini, Mirugi Kariuki, aliangamia pamoja na wengine 13 baada ya ndege ya jeshi aina ya Y-12 kugonga kilima Marsabit. Ndani walikuwa watu 17, wakienda mambo ya amani. Ukungu ulikuwa umetanda, na ndege ilikuwa inatafuta kutua.

Mbona iwe kutua? Juu angani rubani ana nafasi ya kurekebisha kosa. Akishuka, nafasi hiyo inaisha. Ukungu ukizidi, dawa ni kupaa tena atafute uwanja mwingine, lakini ukibeba abiria wenye haraka, presha si ya mchezo.

Hata jua likiwaka, Bonde la Ufa lina mambo yake. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, so hewa ni nyepesi, na joto la mchana linaifanya nyepesi zaidi. Mshale wa spidi ukisoma vile ulisoma Mombasa, ndege kwa ukweli inakimbia karibu asilimia 10 zaidi. Kusimama nako kunataka uwanja mrefu kwa kama asilimia 20. Kwa uwanja mfupi wa murram, breki zinaweza kumuangusha rubani. Na akijifanya mjanja apunguze spidi kupita kiasi, mbawa zinakataa kubeba, ndege inadondoka kama jiwe.

Bado hujaongeza upepo wa kando. Huko mbugani nako, saa zingine lazima gari litangulie kufukuza pundamilia uwanjani.