Sisi au Fisi? Kuhusu Vichujio vya Sauti

Kuna kifaa kidogo ambacho kinaweza kuliharibu shairi zuri kabla halijafika viti vya nyuma vya bwalo. Nacho ni kichujio cha sauti, hasa kile kinachopitisha mitetemo ya chini na kuzuia ya juu.

Kazi yake ni halali. Sikio la binadamu husikia mitetemo 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 20,000. (Umri ukisonga ile ya juu hupotea, walimu wetu wataniwia radhi.) Ule mlio wa "shiii" katika spika hutusumbua zaidi huko juu, kwa hiyo wengi wakiusikia hukimbilia kukata. Kelele inapungua, sawa, lakini S na F nazo zinaondoka, maana nguvu zao nyingi ziko juu ya hezi 4,000. Simu ya waya ya zamani ilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo sababu mtu aliposema "sisi" uliweza kusikia "fisi". Hebu fikiria mgeni wa heshima akikaribishwa hivyo!

Basi mpaka uwekwe wapi? Kwa maoni yangu, usishuke chini ya hezi 15,000. Rezista ya omu 1,000 na kapasita ya nanofaradi 10 zinatosha: mpaka wake ni hezi 15,900 hivi. Kichujio hiki hukata polepole, kama mteremko. Anayetaka ukuta huunganisha hatua kadhaa, na hapo ndipo jambo la pili linapozuka, nalo ni kuchelewa kwa kundi.

Maana yake ni muda ambao kundi la mitetemo iliyokaribiana hukawia ndani ya kichujio. Pigo moja la ngoma si mtetemo mmoja. Ni mingi, ya chini na ya juu, iliyoanza pamoja. Ikichelewa yote sawasawa, hakuna neno, pigo linafika zima. Lakini mingine ikitangulia na mingine ikabaki nyuma, pigo linatawanyika kama wakimbiaji wetu wa mbio za nyika: waliondoka pamoja, wanafika mmojammoja.

Kadiri ukuta unavyokuwa mkali ndivyo tofauti hizi zinavyozidi karibu na mpaka. Kichujio cha Butterworth, Mwingereza aliyekieleza mwaka 1930, hakiongezi wala kupunguza mitetemo iliyo mbali chini ya mpaka, na kuchelewa kwake ni kwa wastani. Cha Chebyshev hukata kwa ukali zaidi lakini huvuruga mpangilio wa muda. Cha Bessel huchelewesha karibu sawa kwa wote, ila mteremko wake ni wa taratibu sana. Hakuna kinachokupa yote mawili.

Sasa, si ati kila kuchelewa kunasikika. Chukua Butterworth ya daraja la nne. Mpaka ukiwa hezi 20,000, sauti za chini huchelewa mikrosekunde 21 hivi. Hakuna sikio litakalolalamika. Mpaka huohuo ukishushwa hadi hezi 80, kama inavyofanywa kwa spika ya besi, kuchelewa huzidi mara 250 na kufika milisekunde 5.2. Ni kama kuisukuma spika hiyo nyuma karibu mita 1.8! Mbona basi watu hubishana kuhusu vichujio vya juu na kusahau besi?

Kwa hivyo kwa kipaza sauti cha bwalo ningechagua mteremko wa taratibu na mpaka wa juu, na ukali ningeuacha kwa spika ya besi, huku nikiisogeza mbele kidogo ya nyingine ili zilingane. Kisha mtu mmoja asimame penye kipaza sauti asome "sisi" na "fisi" bila mpangilio, mara 20, nasi tulio nyuma tufumbe macho na kuandika tulichosikia. Tukikosa zaidi ya mara moja au mbili, tuondoe kapasita ile na kutia ndogo zaidi.