Kitabu ni Chako, Maneno ni ya Mwandishi

Sogeeni karibu na redio. Mwenye kalamu na aishike. Leo tunazungumza habari ya vitabu vya shule, na haki ya mtu aliyeviandika. Neno letu jipya ni hakimiliki. Liandike polepole: ha-ki-mi-li-ki.

Tuseme darasa lenu lina watu 40, na kitabu cha hadithi ni kimoja tu. Mwalimu anakipeleka dukani, anatoa fotokopi 40 za kitabu kizima. Je, amekosa? Wengi mtajibu, "Hapana, kitabu alikinunua." Kweli, alikinunua. Aweza kukisoma, kukiazimisha, hata kukiuza. Lakini alichonunua ni karatasi na jalada. Maneno yaliyomo bado ni ya mwandishi.

Mfikirieni huyo mwandishi. Kwa kawaida hupata fungu dogo kwa kila kitabu kinachouzwa. Fotokopi zile 40 hazimletei hata senti moja. Mchapaji naye, akiona kitabu hakinunuliwi, hakichapi tena. Kisha sisi wenyewe tunalalamika kwamba vitabu vya Kiswahili ni haba!

Basi shule ifanyeje? Katika Tanzania Bara, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 imeacha mlango wazi kwa elimu. Mwalimu aweza kunukuu kipande cha kitabu kwa kufundishia, kadiri ya haja ya somo, mradi ataje jina la mwandishi na kitabu alimokitoa. Maktaba ya shule nayo yaweza kutoa nakala chache kwa kazi yake, bila kumharibia mwandishi riziki. Mimi hupima hivi: je, nakala hii itamfanya mtu asinunue kitabu? Aya moja ubaoni haimzuii mtu kununua. Kitabu kizima humzuia. Na kukituma kizima kwa simu ni vile vile, tena hufika mbali zaidi.

Haki hii ina mwisho wake. Kwa sheria hiyo, hudumu maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Kwa hiyo leo shule yaweza kunakili Kusadikika bila kuomba idhini. Lakini angalieni: ni maneno yake yeye, si picha wala maelezo mapya yaliyoongezwa na wengine.

Hapa pana fundo kidogo. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na mchezo wake wa Julius Caesar hauna mwenyewe tena. Lakini Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapwa mwaka 1963, na tafsiri ina haki yake peke yake. Mwalimu alifariki mwaka 1999. Fanyeni hesabu daftarini: 1999 na 50. Mmepata 2049? Vema. Kabla ya hapo, anayetaka kunakili tafsiri hiyo nzima yampasa kuomba idhini.

Sasa kazi ya leo. Fungueni kitabu chochote mlicho nacho, kurasa za mwanzo. Tafuteni herufi C iliyozungushiwa duara. Kando yake mtaona jina na mwaka. Yaandikeni yote mawili. Mwenye jina hilo ndiye wa kupelekewa barua ya kuomba idhini, na barua hiyo tutaiandika pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.