KAZI YA NYUMBANI: NI YA MTOTO AU YA MZAZI?

Mtoto wako wa Darasa la Pili amekuletea daftari lenye hesabu hii: 32 toa 17. Ameandika 25. Wewe, kwa mapenzi ya mzazi, unashika ufutio, unafuta, unaandika 15, kisha unamhimiza akalale. Kesho mwalimu ataweka vema.

Hebu tulitazame kosa lenyewe. Mtoto hakubahatisha. Katika makumi alitoa 1 kwenye 3, akapata 2. Katika mamoja aliona 7 ni kubwa kuliko 2, akaigeuza hesabu, akatoa 2 kwenye 7. Yaani hajajua kukopa kumi. Mwalimu akiiona ile 25 atajua pa kuanzia. Akiikuta 15 atasonga mbele na darasa zima, na mwanao ataachwa nyuma pasipo mtu kujua mpaka siku ya mtihani, ambapo mzazi hayupo na ufutio wake.

Hata hivyo mzazi hapaswi kukaa kando. Mkoani Singida wako watoto wanaoingia shuleni wakiwa wamezoea Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, na Kiswahili cha vitabuni kinawalemea. Mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto amsimulie alichosoma, hata kwa lugha ya nyumbani; asiyeelewa hataweza kusimulia. Anaweza pia kumpa nusu saa na taa kabla usingizi haujamzidi. Wakati wa kuvuna alizeti nusu hiyo ya saa ni kitu adimu, nasi twalijua hilo, lakini daftari haliwezi kungoja mavuno yaishe.

Mzazi aliyesoma naye ana hatari yake. Zamani tulikariri "a, be, che". Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akafundishwa sauti za herufi. Ukimlazimisha aseme "be-a, ba" utamchanganya bure. Muulize kwanza: "Mwalimu wenu huitamkaje?"

Wako pia wanaolipia tuisheni wakidhani wamemaliza wajibu, kumbe huko nako hesabu hufanywa na mkubwa.

Programu ya Shule Bora, iliyozinduliwa mwaka 2022, iliihusisha Singida miongoni mwa mikoa 9, na kuhimiza Umoja wa Wazazi na Walimu, yaani UWAWA. Vikao vya namna hiyo ni rahisi kumezwa na habari za michango ya uji na madawati. Basi chukua daftari la mwanao uende nalo kikaoni. Na usiku huu, hesabu ikimshinda, iache kama ilivyo, kisha andika pembeni kwa penseli: "Hapa amekwama." Kama hujui kuandika, dada yake mkubwa ataandika.