Mkate Gani?

Ukimtuma mtoto mkate pale Unguja bila kumtajia ni mkate gani, atakuletea boflo. Huo ndio mkate wa bekari, wa chai ya asubuhi, na hakuna anayeuliza kaupika nani. Mikate mingine ya Pwani, tangu Lamu na Mombasa mpaka Pemba, haiendi hivyo. Kila mmoja una saa yake na kitoweo chake, na mara nyingi mtaa mzima unamjua mpishi wake.

Ngano si zao la visiwani. Wanaakiolojia waliochimba Pemba wamekuta kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea sana uwele, na waliokaa jirani pale Chwaka baada yao wakageukia mchele. Si ajabu, basi, kwamba mikate ninayoihesabu kuwa ya Pwani hasa haina hata chembe ya ngano. Mofa ni unga wa mtama uliokandwa na kubandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo. Mpishi hupitisha mkono kwenye joto lenyewe, kwa hiyo kazi hiyo haina nafasi ya mwoga. Wa pili ni mkate wa kumimina, na huo ndio ninaoupa kiti cha mbele. Mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa laini pamoja na tui zito la nazi, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, sukari ikafuata. Kisha humiminwa sufuriani, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Ukiharakisha, unakuwa mgumu kama kokoto. Ukichelewa baada ya kuumuka, unachacha na tui linapotea bure.

Ngano ilipoingia kwa vyombo kutoka ng'ambo, haikuachwa ilivyo. Ilitiwa tui, ukazaliwa mkate wa ufuta. Donge lake ni laini mno, hutandazwa kikaangoni kwa mkono uliochovywa maji, likanyunyiziwa ufuta. Hakuna mafuta, kwa kusudi kabisa: mkate unapogandana na kikaango, mpishi hukipindua chote juu ya makaa, uso ukababuka bila mkate kuanguka. Mara ya kwanza kuona jambo hilo mtu hushika roho.

Mwezi wa Ramadhani ndio soko la mikate hii. Alasiri wanawake hukaa barazani na milangoni mwa nyumba zao na mikate iliyofunikwa kawa, na anayechelewa hukosa. Kabla ya adhana ya magharibi, watoto wanapita na sahani kutoka nyumba hadi nyumba. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata kama ni tende mbili tatu, kitu lazima kiwekwe. Kwa njia hiyo mtu asiyejua kupika mkate wa kumimina huula mwezi mzima, na anayejua hupata sambusa asizokaanga yeye. Wengine huona ni ukarimu tu. Mimi naona pia ni hesabu nzuri sana ya jikoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Rais Abeid Karume ilipobana chakula kutoka nje, unga wa ngano, mchele na sukari viliadimika Zanzibar na foleni zikawa ndefu. Watu wakarudi kwenye muhogo, ndizi na shelisheli. Mkate ukawa tunu.

Siku hizi blenda imechukua kazi ya kusaga, na sina ugomvi nayo. Jiko la gesi ndilo ninalolitilia shaka, kwa kuwa linatoa moto wa chini peke yake. Wapo wanaoutia mkate wa kumimina kwenye oveni ya umeme. Unaiva, lakini haupati ule ukoko wa kahawia unaogombaniwa na watoto. Mofa nao unazidi kuwa haba, maana nyumba za ghorofa hazipendi moshi, na wasichana wengi hawajaona tanuri lake likiwashwa.