Klematisi Nyeupe

Ua la klematisi halina petali. Hivyo vipande vyeupe tunavyovidhania kuwa petali, vinne, sita au vinane kutegemea aina, ni sepali, yaani yale majani madogo ambayo kwenye waridi hubaki ya kijani na kazi yake ni kulifunika tumba hadi likomae. Kwenye klematisi sepali zina kazi mbili. Kwanza hulifunga tumba, kisha hukunjuka, huacha ukijani wake na kuwa nyeupe, zikawa ndizo zinazowaita wadudu. Kwa hiyo si ajabu ua jipya la klematisi nyeupe kufunguka likiwa bado na mchirizi wa kijani mgongoni, hasa mahali penye kivuli au wakati wa baridi. Ipo hata aina iliyozalishwa na kitalu cha Veitch cha Uingereza, 'Alba Luxurians', ambayo ncha za sepali zake hubaki za kijani, na inapendwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukiona kijani kwenye ua lako la kwanza, usikimbilie dawa. Mmea ni mzima.

Nimeanza na ua kwa makusudi. Watu wengi hushindwa na klematisi kwa sababu huitunza kama waridi au kama bogenvilia, ilhali mwili wake umeumbwa kwa namna nyingine. Ukishajua ua linatoka wapi, mmea unashika wapi na mizizi inataka nini, kazi iliyobaki si kubwa.

Jenasi hii ina spishi zipatazo 300, nayo imo katika familia ya Ranunculaceae. Zimeenea karibu dunia nzima, na hapa ndipo ninapotaka msomaji wa nyanda za juu anisikilize: zetu tunazo. *Clematis brachiata*, *Clematis hirsuta* na *Clematis simensis* huota zenyewe katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kandokando ya misitu, kwenye mabonde ya mito na juu ya uzio wa michongoma, na zote tatu hutoa maua meupe au ya rangi ya krimu. Jina la hiyo ya tatu limetokana na milima ya Simien ya Ethiopia, ambako nako inaota. Kila mwaka tunazifyeka pamoja na magugu mengine, kisha tunatafuta mche wa klematisi ya Ulaya kwa bei kubwa.

Chukua tawi moja la klematisi ya porini ulitazame kwa karibu. Majani yamekaa mawili mawili, moja likitazamana na jenzake kwenye kila kifundo, na kila jani limegawanyika vipande kadhaa vyenye kingo za msumeno. Maua ni madogo, upana wake hauzidi sana sentimeta mbili, yenye sepali nne zilizofunikwa na vinywele laini upande wa nje. Katikati zimesimama stameni nyingi, kiasi kwamba kwa mbali ni hizo zinazolifanya ua lionekane limejaa. Ua moja si kitu cha kumsimamisha mpita njia. Lakini hayatoki moja moja. Hutoka kwa vishada, vishada hufuatana katika kila kifundo, na mmea uliokomaa unaweza kufunika ukuta mzima kwa weupe. Maua yakishapita, kila mbegu huota mkia mrefu wa hariri unaoiwezesha kuchukuliwa na upepo. Mikia hiyo hukaa kwenye mmea kwa majuma kadhaa, na kwangu mimi ni pambo la pili lisilopitwa na maua yenyewe.

Zile zenye maua makubwa mnazoziona kwenye picha, zenye upana wa kiganja au zaidi, zina historia nyingine. Mababu zake wakuu wanatoka Japani na China. Mwaka 1850 Mskoti Robert Fortune aliikuta nchini China spishi ya maua makubwa iitwayo *Clematis lanuginosa*. Wakulima wa bustani wa Uingereza na Ufaransa waliichavusha na spishi nyingine, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 aina mpya zikatoka kwa wingi. Miongoni mwa zile nyeupe zilizodumu hadi leo zimo 'Henryi', iliyozalishwa na Isaac Anderson-Henry wa Edinburgh, na 'Marie Boisselot' ya Ufaransa, ambayo vitalu vingine huiuza kwa jina la 'Madame Le Coultre'. Kabla ya hizo, mwaka 1831, Lady Amherst alikuwa ameshapeleka Uingereza *Clematis montana* kutoka Himalaya, yenye maua meupe ya sepali nne na mbio za ajabu za kukua. Mwaka 1900 Ernest Wilson akapeleka huko kutoka China *Clematis armandii*, isiyopukutisha majani, yenye maua meupe ya harufu nzuri.

Asili hiyo ndiyo inayoamua mmea wako utaishi au utateseka. Mababu wote hao wanatoka mahali penye majira ya baridi, ambapo mmea hupumzika. Limuru, Njombe, Lushoto ya juu au Kericho, usiku una ubaridi wa kutosha na klematisi ya maua makubwa hukubali. Tena Kenya hulima klematisi kwa ajili ya maua ya kukata yanayopelekwa Ulaya. Lakini Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, sikushauri. Joto la usiku na unyevu wa hewa vitauchosha mmea, utatoa majani dhaifu na kuvu kwa wingi. Mkazi wa pwani anayetaka mtambaji mweupe apande asumini au stefanotisi ya Madagaska, na atafurahi zaidi.

Sasa tuje kwenye namna mmea unavyopanda juu. Klematisi haina mizizi ya kushikia ukuta, haina vikono vya kujishikiza kama vya mzabibu, wala shina lake halijisokoti kwenye mti kama maharage. Hushika kwa kikonyo cha jani. Kikonyo kikigusana na kitu chembamba, upande ulioguswa hukua polepole kuliko upande wa pili, kikajipinda, kikazunguka mara moja au mbili, kisha kikakakamaa na kuwa kigumu kama kijiti. Charles Darwin alilichunguza jambo hili kwenye spishi kadhaa za klematisi na kulieleza katika kitabu chake kuhusu mimea inayopanda, kilichotoka mwaka 1875. Alitundika vitanzi vya uzi mwembamba kwenye vikonyo na kuona vikijipinda kwa uzito mdogo mno.

Matokeo yake bustanini ni haya: nguzo nene haina faida kwa klematisi. Kikonyo ni kifupi, hakiwezi kuzunguka boriti wala ukuta. Kinataka kitu chenye unene wa penseli au chini ya hapo. Kama una ukuta, pigilia misumari na utandaze waya kwa mistari inayopishana, mraba wa sentimeta 20 hivi, ukiacha nafasi ya sentimeta chache kati ya waya na ukuta ili kikonyo kipate pa kupita. Kama una nguzo za kibaraza, zivike wavu wa kuku au kamba za katani. Na kama una kichaka kilichokomaa, waridi au mti mdogo wa matunda, huhitaji kufanya lolote, maana vijiti vyake ndivyo mmea ulivyozoea porini. Katika siku za mwanzo lielekeze kila tawi kwa kulifunga kwa uzi laini uliolegea. Matawi machanga huvunjika kwa kuguswa tu, kwa hiyo shughulika nayo kwa utulivu.

Mizizi inataka ubaridi na unyevu, majani yanataka jua. Kinyume hicho kinatokana na makazi ya asili, ukingo wa msitu: mbegu huota kwenye kivuli chenye majani yaliyooza, kisha shina hupanda kutafuta mwanga. Chimba shimo la sentimeta 50 kwenda chini na upana kama huo, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na kama ni karibu na ukuta sogea mbele angalau sentimeta 30, maana chini ya mapaa udongo hukauka hata mvua ikinyesha. Panda masika yanapoanza. Kisha tandaza majani makavu au nyasi kuzunguka shina bila kuligusa, au panda mimea mifupi ya kufunika ardhi upande wa jua. Kiangazi mwagilia maji mengi kwa nafasi, si vikombe viwili kila jioni. Maji ya juujuu huizoeza mizizi kubaki juu, na hapo ndipo jua huiunguza.

Kina cha kupanda ni suala lenye uzito wake. Klematisi ya porini iweke usawa ule ule iliyokuwa nao kwenye kopo. Ila zile chotara za maua makubwa zizamishe zaidi, sentimeta 6 hadi 8 za shina ziwe chini ya udongo. Sababu ni kuvu aitwaye *Calophoma clematidina*, anayesababisha mnyauko. Mmea unakuwa mzuri, umejaa matumba, na ghafla tawi zima linainama, majani yanakuwa meusi hadi kwenye mishipa. Maji hayasaidii. Kata tawi hilo hadi kwenye sehemu safi, hata kama ni usawa wa ardhi, lichome moto, na usafishe mkasi. Kwa kuwa macho kadhaa ya shina yamezikwa, machipukizi mapya hutoka chini, wakati mwingine baada ya miezi. Watu wengi hung'oa mmea mapema mno. Spishi zenye maua madogo, zetu zikiwemo, hazisumbuliwi sana na ugonjwa huu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzipa nafasi ya kwanza.

Kupogolea kunaogopwa bila sababu. Swali ni moja: ua linatoka kwenye tawi la umri gani? *Montana* na *armandii* huchanua kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita. Ukiyakata kabla ya maua, umekata maua yenyewe. Hizo zipunguze mara tu baada ya kuchanua. 'Henryi' na 'Marie Boisselot' hutoa mkupuo wa kwanza kwenye vichipukizi vifupi vya matawi ya zamani, kisha mkupuo mwingine kwenye matawi mapya. Kwa hiyo ondoa yaliyokufa, na yaliyobaki yakate juu ya jozi ya macho yenye nguvu. Klematisi ya porini kama *brachiata* huchanua kwenye matawi mapya, nayo unaweza kuikata hadi nusu mita kutoka ardhini bila huruma. Ukiiacha miaka mingi bila kuikata, chini hubaki vijiti vitupu na maua yote huhamia juu ya paa. Vitabu vya Ulaya husema kata Februari au Machi, baridi inapokwisha. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mmea, hivyo fuata mvua: kata mwisho wa kiangazi, kabla masika hayajaingia, ili machipukizi yakute maji.

Vaa glovu unapofanya kazi hiyo. Utomvu wa klematisi mbichi una protoanemonini, kemikali inayobabua ngozi na kuwasha macho na mdomo. Zamani ombaomba wa Ufaransa walijipaka utomvu wa *Clematis vitalba* ili watokwe na vidonda na kuhurumiwa. Majani yakikauka ukali wake hupotea, lakini mabichi usiwatupie mbuzi, na watoto wasiyachezee.

Hiyo *vitalba* pia ni onyo kuhusu kuagiza mbegu ovyo. Ilipelekwa New Zealand kama pambo la bustani, ikatoroka, na leo hupanda juu ya miti ya asili na kuifunika hadi ife. *Clematis terniflora* ya Japani, nyeupe na yenye harufu tamu, imefanya uvamizi kama huo mashariki ya Marekani. Mkia ule ule wa hariri unaotupendeza ndio unaoisambaza mbegu hadi msitu wa jirani. Klematisi ya kwetu haina hatari hiyo, kwa kuwa msitu unaijua na umeishi nayo.

Kuizalisha ni rahisi. Njia ya uhakika ni kulaza tawi: liinamishe, kwaruza kidogo kwenye kifundo, fukia kifundo hicho kwenye udongo wenye unyevu na uweke jiwe juu, baada ya miezi kadhaa kitakuwa na mizizi na unaweza kukitenganisha. Kwa vipandikizi, chukua tawi lisilo changa sana wala gumu, na ukate katikati ya pingili, si chini ya kifundo kama ilivyo kwa mimea mingi. Kila kipande kibaki na jozi moja ya macho na jani moja, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ukifunike kwa mfuko wa nailoni kivulini. Mbegu nazo huota, ingawa zinahitaji subira ya majuma hata miezi.

Mbegu za klematisi ya porini zichume kando ya barabara au kwenye uzio wa jirani kwa ruhusa yake, mikia inapokuwa imekauka na kuachia yenyewe, na uzipande mara tu ukishazichuma. Usichimbe mche kutoka kwenye hifadhi ya msitu. Mmea uliokomaa hauvumilii kung'olewa mizizi, kwa hiyo utakufa kwako na utakuwa umepungua kule.