Kondoo anayejikuna na siri iliyo ubongoni

Kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, kondoo hulishwa nyanda zilezile wanakolisha ng'ombe wa jibini inayouzwa Goma. Kondoo akianza kujisugua kwenye nguzo za zizi mpaka manyoya yanyofoke, mchungaji husema ni upele, na kwa kawaida husema kweli. Utitiri na chawa ndio wasumbufu wa kila siku, nao wana dawa.

Lakini kujikuna huko kunaweza pia kuwa dalili ya skrepi, ugonjwa wa ubongo usio na dawa wala chanjo. Mnyama hujikuna, hutetemeka, huyumba miguu ya nyuma, hukonda na huku anakula, kisha hufa. Dalili huja miaka 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa, na wengi huambukizwa wangali wachanga, kondo la nyuma la mama likiwa njia kuu. Uingereza waliujua ugonjwa huu tangu 1732. Ulifika hata Kenya: karibu 1970 ulionekana kwa kondoo walioagizwa kutoka Uingereza. Haujathibitishwa kuwa huambukiza binadamu.

Kinachouleta ni prioni, yaani protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya na kuzilazimisha nyingine zijikunje vivyo hivyo. Stanley Prusiner wa Marekani aliipa jina hilo mwaka 1982, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Hapo ndipo ugumu wa maabara unapoanzia. Hakuna bakteria wa kuotesha. Hakuna vinasaba vya kutafuta kwa PCR kama ilivyofanywa wakati wa korona. Mwili nao hautengenezi kingamwili dhidi ya protini unayoijua kuwa yake, kwa hiyo vipimo vya kawaida vya damu havisemi kitu.

Jibu hutafutwa ubongoni. Mtaalamu hukata kipande kidogo pale shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo, akakisaga na kukitia kimeng'enya kinachotafuna protini. Protini ya kawaida humeng'enywa yote. Prioni, kwa ukaidi wake, hubaki na kiini kigumu. Kingamwili kilichotengenezwa maabarani hunasa kiini hicho, na mistari yake huonekana kwenye utando wa kipimo. Ukaidi huohuo ndio unaotuvunja moyo nje ya maabara. Mwaka 1935 huko Scotland kondoo walichanjwa dhidi ya ugonjwa mwingine kwa chanjo iliyotokana na ubongo wa kondoo na kutiwa fomalini. Fomalini iliua virusi, prioni ikapona; dozi za chanjo iliyochafuka zilikuwa 18,000, na miaka miwili baadaye skrepi ikalipuka.

Kwa kondoo aliye hai, daktari anaweza kukata kipande cha tishu ya ndani ya puru au cha kope la tatu. Akikuta prioni, ugonjwa upo. Asipoikuta, hajathibitisha kuwa mnyama ni mzima, kwa kuwa si wote walioambukizwa huwa nayo huko.

Kwa Masisi na eneo jirani la Walikale, shida kubwa ni safari. Maabara kuu ya mifugo iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini. Ubongo mbichi unataka barafu, na ukioza hausomeki vizuri. Ndiyo maana daktari wa mifugo hugawa sampuli: nusu kwenye barafu, nusu kwenye fomalini. Hiyo ya fomalini huvumilia wiki nyingi bila umeme, kisha hukatwa vipande vyembamba, hupakwa rangi na kupimwa kwa hadubini, prioni ikijitokeza kama chembechembe za kahawia.