Nyuzi Kwanza, Rangi Baadaye

Mteja anayeagiza kabati la sebuleni kwa fundi seremala wa Singida, Manyoni au Itigi huanza na rangi: anataka mninga wa hudhurungi uchanganywe na mbao nyeupe ya msonobari, rangi zikinzane. Ombi lake lina msingi, maana mbao zote mbili zinafika. Mninga ni mti wa miombo, na miombo imetanda upande wa Manyoni hadi Tabora. Msonobari hutoka kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill, Mufindi. Hata hivyo, kati ya vigezo vyote vya kuoanisha mbao, rangi ndicho dhaifu kuliko vingine. Samani itabaki nzuri au itaharibika kutegemea nyuzi: zimelala kuelekea wapi, ubao ulipasuliwaje kutoka kwenye gogo, na husinyaa kiasi gani kiangazi kikikaza.

Singida hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu na upepo. Ubao hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa kiangazi. Kwa urefu wa nyuzi karibu hausinyai. Kwa upana husinyaa, na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo husinyaa takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Mninga unasifika kwa kutulia. Msonobari huchezacheza zaidi. Ukiviunganisha kwa gundi vipande vya mbao hizo ubavu kwa ubavu kwenye uso wa meza, ufikapo Agosti kidole kikipita juu ya kiungo kinakwama kwenye kijingazi chembamba. Kosa kubwa zaidi ni kuupiga gundi utepe wa mpingo kukatisha mwisho wa meza: utepe haufupiki, meza inapungua upana, na ufa hauepukiki. Ndiyo maana ubao wa katikati ya mlango wa kabati huachwa huru ndani ya mfereji wa fremu, bila gundi, upumue.

Yapo mapingamizi mawili ya haki. La kwanza, mnunuzi hulipia kile anachokiona, na anachokiona ni rangi. Kweli, lakini rangi hiyo haikai. Mbao za jamii ya mninga hupoteza wekundu wake mwangani na kuelekea hudhurungi, huku weupe wa msonobari ukigeuka manjano. Kila mwaka zinasogeleana, ilhali mchoro wa nyuzi unabaki. La pili, rangi ya dukani inaweza kuupa msonobari sura ya mninga kwa bei ndogo. Itazame kwa karibu: sehemu laini ya kila pete ya ukuaji wa mti, iliyokuwa nyeupe, hunywa rangi nyingi na kuwa nyeusi kuliko mstari mgumu ulio jirani yake. Mchoro unageuka kinyume, na ncha za ubao zinakuwa kama zimeungua.

Njia bora, kwa maoni yangu, ni kutafuta mkinzano ndani ya mninga wenyewe. Ubao wa ubavuni huonyesha mawimbi mapana. Ule uliopasuliwa kuelekea moyoni hutoa mistari iliyonyooka. Mawimbi yakae katikati ya mlango, mistari ikae kwenye fremu, na jicho litaona tofauti bila tone la rangi. Ubao mmoja ukipasuliwa unene wake na kufunguliwa kama kurasa za kitabu, milango miwili hupata michoro inayotazamana. Mpingo utumike kwa uchache, kwenye vishikizo vya droo na nakshi ndogo: ni mti unaokua taratibu mno, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mafundi wa kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha pwani, walijua uzuri wa kutumia kidogo. Pembe na mfupa mweupe viliwekwa kidogo tu juu ya mti mweusi, upande mmoja ukatawala.

Wengine hupenda kuacha ukanda mweupe wa nje wa gogo la mninga ukingoni mwa meza. Unapendeza sana, ila bungua huupenda pia. Usitiwe kwenye samani kabla haujakauka barabara na kutiwa dawa ya wadudu, halafu upigwe vanishi pande zote, hata uvunguni ambako mgeni hatazami.